Hisa za Marekani bila dalali

Ndugu mnaoishi Marekani na mnataka kununua hisa kidogokidogo na kukaa nazo miaka mingi, si lazima mfungue akaunti kwa dalali. Kampuni kadhaa kubwa zina mpango wa kuuza hisa moja kwa moja kupitia msajili wao wa hisa, yaani kampuni inayowatunzia orodha ya wenye hisa. Walmart, kwa mfano, inatumia Computershare. Unajisajili kwenye tovuti, unaunganisha akaunti ya benki, na hisa zinaandikwa kwa jina lako mwenyewe kwenye daftari la kampuni. Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, unaweza kuagiza linunue hisa nyingine, hata vipande vya hisa.

Kabla ya kujiunga, soma waraka wa mpango mpaka ukurasa wa ada. Kuna mipango inayokata ada ya kujiunga, ya kila makato ya benki, na ya kuuza. Ukiweka dola 25 kwa mwezi, ada ya dola moja tu imeshakula asilimia 4.

Jambo jingine ni bei. Maagizo ya wengi hukusanywa na kununuliwa kwa mkupuo, kwa hiyo hujui utapata bei gani. Anayetaka kununua asubuhi na kuuza jioni, njia hii haimfai kabisa.

Na tafadhali, tunzeni taarifa za kila manunuzi. Gawio hutozwa kodi hata likinunua hisa, na siku ya kuuza mtahitaji kuonyesha kila hisa ilinunuliwa kwa bei gani.