Mchanga, chumvi na unga wa chuma: anza kutenganisha kipi?

Kabla ya kushika kifaa chochote, jiulize vitu vilivyochanganyika vinatofautiana kwa lipi. Chuma huvutwa na sumaku, chumvi huyeyuka kwenye maji, mchanga haufanyi lolote kati ya hayo. Tofauti hizo ndizo zinazopanga kazi.

Chukua gramu 10 za kila kimoja. Tandaza mchanganyiko kwenye karatasi, kisha ifunge sumaku kwa karatasi nyembamba. Unga wa chuma ukigandana na sumaku tupu, kuubandua ni adhabu. Pitisha sumaku mara tatu au nne, ukikoroga kila baada ya kupitisha. Hatua hii ifanyike vitu vikiwa vikavu: chuma kikilowa kwenye maji ya chumvi hupata kutu upesi, na kutu ya kawaida haivutwi vizuri na sumaku.

Kilichobaki kitie kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara), ongeza mililita 50 za maji ya uvuguvugu, koroga dakika mbili. Mililita 100 za maji huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi, kwa hiyo 50 zinatosha na ziada ipo. Usimimine nusu lita. Maji yote hayo utayachemsha baadaye.

Kunja karatasi ya chujio mara mbili, ifungue iwe na umbo la pia, iweke kwenye faneli na uiloweshe kidogo ili ishike. Mimina polepole kwa kufuata kijiti cha kioo, maji yasifike ukingo wa karatasi, la sivyo mchanga utapita pembeni. Halafu suuza mchanga kwa mililita 10 za maji safi. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa chumvi imepungua na mchanga, ukishakauka, umekuwa mzito kuliko ulivyoingia.

Maji yaliyochujwa yachemshe kwenye bakuli la kuvukizia. Yakibaki kama theluthi, punguza moto, au weka bakuli juu ya bika la maji yanayochemka. Maji mazito ya chumvi kwenye moto mkali huruka, hupotea na kuunguza ngozi, vaa miwani. Mwishoni pima: ukipata zaidi ya gramu 10, bado ina unyevu au mchanga umepenya.

Ikiwamo pia kloridi ya amonia, ipashe moto kabla ya kutia maji, maana nayo huyeyuka kama chumvi. Hugeuka mvuke bila kupita kwenye hali ya kimiminika, na huganda tena kwenye faneli baridi iliyofunikwa juu yake. Ziba shingo ya faneli kwa pamba, usiibane.

Chujio halisaidii pale mchanganyiko ulipo wa namna moja, yaani ukichota juu au chini unapata kitu kilekile. Maji na spiriti ni mfano: hapo hutegemea kiwango cha kuchemka, spiriti nyuzi 78 za Selsiasi, maji 100, na mvuke hupozwa ukakusanywa. Hata ukirudia namna hiyo, spiriti haivuki takriban asilimia 96. Maji yaliyobaki huchemka pamoja nayo.

Maji na mafuta ya taa ni rahisi zaidi kwa kuwa hayachanganyiki. Yatie kwenye faneli ya kutenganishia, mbali na moto, subiri tabaka mbili zijitenge, toa kizibo cha juu (kisipotolewa, maji hukataa kushuka), kisha fungua bomba. Maji hutoka kwanza kwa sababu ni mazito. Zile mililita chache za mpakani zikusanye kwenye chombo cha tatu.

Rangi za wino hutenganishwa kwa kromatografia, yaani maji hupanda kwenye karatasi yakizibeba rangi kwa kasi tofauti. Weka tone dogo sentimita 2 kutoka chini ya karatasi ya chujio, na maji yawe na kina cha sentimita 1 tu; yakilifikia tone, wino utaishia majini. Mstari wa kuanzia uchore kwa penseli. Ukitumia kalamu ya wino, rangi ya mstari nayo itapanda.