Kigae cha nyota chenye ndege, kwa mtindo wa Kashan

Vigae vilivyotoka Kashan, Uajemi, katika karne ya 13 vinang'aa kama dhahabu, lakini mng'ao wenyewe ni wa fedha na shaba. Mimi navitengeneza hivi.

1. Udongo. Mwaka 1301 Abu'l-Qasim, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi wa mji huo, aliandika vipimo ninavyovifuata hadi leo: mafungu 10 ya kwatzi (jiwe gumu jeupe) iliyosagwa, 1 la unga wa kioo, 1 la udongo mweupe. Haunati kama udongo wa chungu, hivyo usiuvute. Ushindilie kwenye kalibu.

2. Kalibu. Chora mraba wa sentimita 14 kila upande, kisha mwingine juu yake uliozungushwa nyuzi 45. Hiyo ndiyo nyota ya ncha 8.

3. Moto wa kwanza. Kausha kivulini, paka rojo la unga wa kioo cheupe chenye bati (kisiwe na madini ya risasi), choma ili kioo kiyeyuke na kushika kigae.

4. Ndege. Saga chumvi za fedha na shaba pamoja na udongo mwekundu, lainisha kwa siki. Sasa sikiliza vizuri: usimpake ndege rangi. Chora umbo lake kwa mstari mwembamba, shingo ikigeukia nyuma ili aenee ndani ya nyota, halafu jaza rangi pembeni yake. Yeye abaki mweupe. Rangi ikianza kukauka, ikwaruze kwa kijiti chenye ncha, vijipindo vidogo vidogo, ili uwanja upumue. Bawa mtilie vitone tu. Kwenye vigae vya Natanz, mji ulio karibu na Kashan, vya mwaka 1308 ndege walibanduliwa vichwa baadaye. Kila nikiwatazama naumia, maana shingo zile zilichorwa kwa mkono usiosita.

5. Moto wa pili. Fikisha tanuri nyuzi joto 650 hivi za Selsiasi, ziba matundu, tia vijiti vikavu. Moshi unanyang'anya rangi oksijeni, na madini yanabaki kwenye kioo. Fanya kazi hii nje, usimame upepo unakotokea. Moshi huo unaua. Weka vipande vya majaribio karibu na tundu, uvitoe kimoja kimoja kwa koleo ndefu. Kikianza kung'aa, acha kuchochea.

6. Kusugua. Kigae kitatoka na ukoko mchafu, utadhani kimeungua. Usikitupe. Chukua kitambaa chenye maji, sugua polepole kuanzia mdomo wa ndege, kisha kiinamishe kwenye mwanga wa dirishani uone mng'ao.