Jalada na ukurasa wa yaliyomo: jinsi ninavyosanifu jarida la wanafunzi

Wanafunzi wanaponiomba niwasaidie kusanifu jarida lao, kwa kawaida huja na picha ya jalada mkononi. Wameshaichagua, wameipenda, kilichobaki ni kuiwekea maneno. Mimi huwauliza kwanza orodha ya makala iko wapi, na mara nyingi huwa haijakamilika. Basi picha tunaiweka kando, tunachukua karatasi na kalamu.

Jalada humwahidi msomaji kitu, na ukurasa wa yaliyomo humwonyesha njia ya kukifikia. Nimeona majarida yenye jalada zuri ambayo msomaji akiyafungua haioni tena ile habari iliyomfanya ayachukue. Jalada linasema "Usiku tuliopotea mlimani", yaliyomo yanasema "Matukio ya klabu, uk. 17". Ni makala ileile, lakini yeye atajuaje? Ndiyo maana kurasa hizi mbili nazisanifu kwa pamoja, na naanza na ile ya ndani.

Hatua ya 1: Andika yaliyomo kwa kalamu

Orodhesha kila makala. Mbele yake andika ni ya aina gani (habari, mahojiano, shairi, michezo), itachukua kurasa ngapi, na alama kutoka 1 hadi 3 kwa jinsi inavyogusa. Zile zenye 3 ndizo zitakazogombea nafasi jaladani.

Kisha chora ramani ya kurasa: visanduku vidogo viwili viwili, kimoja kwa kila ukurasa. Jarida linalokunjwa na kupigwa pini katikati lazima liwe na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kwa sababu kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne. Kwa hiyo ni 20, 24 au 28, 26 haiwezekani. Jalada likihesabiwa kuwa ukurasa wa 1, namba witiri zote zitaangukia upande wa kulia. Yaliyomo mimi huyaweka ukurasa wa 3, kulia, mahali jicho linapotua msomaji anapofungua jalada.

Hatua ya 2: Tayarisha ukurasa

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Jalada la kuchapwa linahitaji ziada ya milimita 3 kila upande, kwa hiyo picha au rangi inayofika ukingoni itandaze hadi 216 kwa 303. Kisu cha kiwanda cha uchapaji hakikati pale pale kila mara, na bila ziada hiyo utaona uzi mweupe pembeni. Kutoka mstari wa kukatia kuelekea ndani, acha angalau milimita 10 zisizo na maneno.

Programu yoyote itafaa mradi ikuruhusu kuweka mistari elekezi (ya kupangia tu, haichapwi) na kutoa PDF yenye ziada ya kukatia. Scribus ni ya bure, InDesign ni ya kulipia, na Canva hufanyia kazi ndani ya kivinjari. Usitumie programu ya kuandikia barua, kama Word, itakuchosha bure.

Kama jarida litasomwa kwenye simu tu, tumia A5, yaani 148 kwa 210, na ukuze maandishi. Ukurasa wa A4 kwenye simu humlazimisha msomaji kuuvuta huku na huku, na wengi hawatafika mwisho.

Hatua ya 3: Picha moja, yenye nafasi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Jalada la wanafunzi huharibika zaidi kwa wingi wa picha. Kila klabu inataka kuonekana, kila darasa linataka uso wake, na mwishowe jalada linakuwa ubao wa matangazo. Simama imara: picha moja. Hizo nyingine zina kurasa zao ndani.

Picha ya jalada isimame wima. Ukimtuma mpiga picha, mwambie arudi nyuma hatua mbili kuliko anavyotaka, ili pabaki nafasi tupu juu ya kichwa kwa ajili ya jina la jarida, na upande mmoja kwa ajili ya vichwa vya habari. Picha iliyobana uso mpaka kingoni inapendeza simuni, lakini jaladani haikuachii pa kuandika. Mandhari ya nyuma yawe tulivu: ukuta, anga, kivuli cha mti. Mtu akitazama kamera, macho yake yatamkamata anayepita. Akitazama pembeni, mwelekeo wa macho yake uelekee kwenye maneno, maana msomaji huufuata.

Kwa A4 ya kuchapwa, picha iwe na nukta 300 kwa inchi, yaani takribani pikseli 2551 kwa 3579 ukijumlisha ziada ya kukatia. Omba faili halisi kutoka kwenye kamera au simu iliyopiga. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa; itumwe kama dokumenti au kwa barua pepe. Kuna toleo nililolikubali na picha ya aina hiyo kwa sababu skrini yangu iliionyesha safi. Ilipotoka kiwandani, uso wa msichana yule ulikuwa na vigae vigae, na nakala zote zilikuwa zimeshachapwa. Bado inaniuma, kwa sababu alikuwa ameitamani sana siku ile.

Na umwombe ruhusa anayepigwa picha. Akiwa bado mtoto, mzazi au mlezi aridhie pia, kwa maandishi.

Hatua ya 4: Jina la jarida

Lipe jina upana wote wa juu, au karibu nao, na ulibakize vilevile toleo baada ya toleo: fonti ileile, mahali palepale. Rangi inaweza kubadilika kufuata picha. Msomaji alitambue kabla hajalisoma.

Kichwa cha mtu kinaweza kufunika sehemu ya jina, na kikifanywa vizuri picha hupata kina. Nakili picha, uiweke juu ya jina, kisha ufute kila kitu isipokuwa kichwa. Lakini usizibe herufi zaidi ya moja, na hiyo moja ibaki inatambulika. Kwa toleo la kwanza kabisa acha jina wazi, kwa kuwa hakuna anayelijua bado.

Chini ya jina, kwa herufi ndogo, andika namba ya toleo, mwezi na mwaka.

Hatua ya 5: Vichwa vya jaladani

Viwili hadi vinne vinatosha. Kimoja kiwe kikubwa waziwazi na kihusu picha. Vingine viwe vidogo, vyote kwa ukubwa mmoja.

Tatizo ninalokutana nalo kila mara ni vichwa visivyosema kitu: "Changamoto za vijana", "Umuhimu wa elimu". Kichwa kama hicho kingeweza kukaa kwenye jarida lolote, mwaka wowote. Rudi kwenye makala yenyewe, utafute mtu, tendo au namba. "Changamoto za vijana" niliisoma makala yake nikakuta ni ya mwanafunzi aliyerudia darasa akaogopa kuingia siku ya kwanza. Kichwa kikawa "Nilirudia darasa. Siku ya kwanza sikuingia." Mwandishi mwenyewe alikuwa ameyaandika maneno hayo, yamejificha aya ya nne.

Fonti mbili zinatosha jalada zima: moja nene ya vichwa, nyingine ya maelezo. Maneno yakipita juu ya sehemu ya picha yenye mchanganyiko wa mwanga na giza, usiyaokoe kwa kivuli kizito au ukingo mweupe. Yahamishe, au tia giza kidogo sehemu ile ya picha.

Hatua ya 6: Rangi

Chagua rangi mbili kutoka ndani ya picha yenyewe, kwa kifaa cha kunyonyea rangi: ya shati, ya jani, ya anga. Hizo ndizo utakazozirudia kwenye yaliyomo. Kumbuka kuwa skrini hung'aa kwa mwanga ilhali mashine huchapa kwa wino wa aina nne, sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kikali na buluu ya umeme hufifia karatasini. Badilisha faili kuwa ya rangi nne mapema, uone zitakavyotoka.

Hatua ya 7: Ukurasa wa yaliyomo

Gawa ukurasa katika safu tatu. Mbili zibebe orodha, ya tatu ibebe picha moja au mbili za makala kubwa, kila picha ikiwa na namba ya ukurasa juu yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, majina ya wahariri, waandishi, wapiga picha na msanifu.

Namba ya ukurasa iweke kushoto, kando ya kichwa cha makala. Mtindo wa kuitupa mwisho wa mstari na kuunganisha kwa vitone vingi huchosha jicho, hasa vichwa vikiwa vifupi. Mimi huipa namba ukubwa mara mbili ya kichwa na rangi ya jalada. Kichwa huwa pointi 12 hadi 14 kwa herufi nene, na chini yake sentensi moja ya pointi 9. Sentensi hiyo isirudie kichwa. Imweleze msomaji ni nani anazungumza au kimetokea nini.

Makala zilizotajwa jaladani ziwe na alama yake, kwa mfano kibandiko kidogo chenye neno "Jaladani", na maneno yake yawe yaleyale ya jaladani, neno kwa neno.

Kuna jambo la Kiswahili hapa ambalo programu nyingi hazilijui. Maneno yetu ni marefu, na katika safu nyembamba programu huyakata kwa kanuni za Kiingereza, unapata "mwan-afunzi". Silabi zetu kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo kata ni "mwana-funzi" au "mwanafu-nzi". Zima ukataji wa maneno, panga mstari kushoto tu bila kuunyoosha kulia, na safu itapumua yenyewe.

Namba zenyewe zijaze mwisho kabisa, kurasa zote zikishatulia. Tangazo moja likiingia katikati, kila kitu baada yake kinasogea.

Hatua ya 8: Kagua kwa mikono

Punguza jalada liwe na ukubwa wa stempu. Jina linasomeka? Kichwa kikuu je? Kisha lichape kwa printa ya kawaida kwa ukubwa kamili na uliweke sakafuni, ulitazame ukiwa umesimama.

Chapa jarida zima, shika yaliyomo mkono mmoja, funua kurasa kwa mkono mwingine, weka alama ya vema kwa penseli kila namba inapolingana. Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja anasoma, mwingine anafunua.

Mwisho, tafuta mwanafunzi ambaye hajaliona jarida. Mpe jalada na yaliyomo tu, mwambie achague kichwa kimoja jaladani kisha akuambie kiko ukurasa wa ngapi. Usimsaidie. Nikiona kidole chake kinapanda na kushuka kwenye orodha zaidi ya mara moja, narudi kwenye kompyuta na kurekebisha yaliyomo kabla faili haijaenda kiwandani.