Somo: Karatasi ya chekapu imejaa H na L? Isome hivi kabla ya kununua dawa

Chekapu zimekuwa nyingi: za ajira mpya, za kambi za vipimo vya bure, za kliniki zenye ofa ya "vipimo vyote". Mtu anaingia mzima, anatoka na karatasi yenye H na L pembeni, na jioni ameshameza vidonge. Herufi hizo hazitaji ugonjwa. H ni juu ya kiwango, L ni chini yake, basi.

Hatua ya 1: Jua kiwango kilipatikanaje. Maabara huchukua watu wenye afya njema, huwapima, kisha hubakisha asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo katika kila kipimo, mtu mzima wa afya mmoja kati ya 20 atawekewa herufi bila kuumwa chochote. Ukipima vitu 20 kwa mkupuo, usishangae kukuta moja au mbili.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: mashine nyingi zina viwango vilivyotokana na Wazungu. Waafrika wengi tumerithi aina ya damu iitwayo Duffy hasi, ambayo huja na neutrofili (kundi mojawapo la chembe nyeupe) chache kuliko za Mzungu, na hatuumwi zaidi kwa sababu hiyo. Kuna watu wametishwa na L ya chembe nyeupe miaka nenda rudi, kumbe ndivyo walivyozaliwa.

Hatua ya 2: Tazama umbali. ALT (kimeng'enya kinachopimwa kuangalia ini) ikiwa 43 na mwisho ni 40, hiyo si sawa na 400. Tazama pia kizio. Sukari ya 99 mg/dL ni ileile 5.5 mmol/L, ukizidisha mmol kwa 18 unapata mg.

Hatua ya 3: Kumbuka ulivyopimwa. Ulikunywa chai kabla ya kipimo cha sukari? Ulishuka kwenye daladala ukafungwa mashine ya presha papo hapo? Presha inataka ukae kimya dakika 5, miguu chini, mkono wazi. Nyama nyingi ya jana yake hupandisha kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kuangalia figo), na mazoezi mazito hupandisha vimeng'enya vinavyodhaniwa ni vya ini tu.

Hatua ya 4: Rudia siku nyingine. Presha ya 140/90 au zaidi inahitaji kuonekana tena siku tofauti. Sukari kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, na huna dalili, ithibitishwe kwa kipimo cha pili. Kati ya 6.1 na 6.9 bado si kisukari, ila umeonywa.

Yasiyosubiri kurudiwa: presha ya 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au mkono kulegea, sukari kubwa pamoja na kutapika au kupumua kwa kasi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

MASWALI

Mkuu, mimi kila nikipima naambiwa nina taifodi na UTI. Nimechomwa sindano hadi nimechoka. Ni mwili wangu au?

Mkuu, hayo ndiyo majibu ya nchi nzima! Kipimo cha taifodi kinachotumika mitaani, Widal, hutafuta kingamwili. Zinaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani, ulichanjwa, au ulipata maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, kabla hujaanza antibiotiki. Kama huna homa, mimi ningeuliza kwanza kwa nini ulipimwa. Mkojo nao: jisafishe, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati. Usaha kidogo kwenye mkojo, bila maumivu wala kwenda haja mara kwa mara, hautoshi kukupa dawa.

Nilienda kuchangia damu, wakaniambia nina homa ya ini B. Nayo nirudie tu, nisihangaike?

Hapana, dada, hiyo ifuatilie. Rudia kuthibitisha, kisha baada ya miezi 6. Ikibaki, ndipo inaitwa sugu. Si kila mwenye virusi anaanza dawa. Daktari atapima wingi wa virusi na hali ya ini. Mwenzi na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe.

Shikamoo. Baba ana kreatinini yenye H, jirani kasema figo zimekufa. Anatumia diklofenaki ya magoti na dawa za mizizi.

Marahaba. Namba moja haiui figo. Muombe daktari akokotoe uchujaji wa figo (eGFR). Ukiwa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi ndipo huitwa ugonjwa sugu wa figo. Diklofenaki inaweza kuumiza figo, mwambie aiache sasa, aulizie dawa nyingine ya magoti. Na hiyo mizizi beba kwenye mfuko umwonyeshe daktari, hata kama mzee ataona aibu.