Namna ya Kuagiza Buti za Ngozi kwa Fundi Viatu Jijini Mwanza

Buti iliyoshonwa kwa vipimo vyako haina namba nyingine ya kubadilishana nayo. Ngozi ikishakatwa, kosa la nusu sentimita utatembea nalo kwa miaka, na ndiyo maana kazi kubwa ya mteja hufanyika kabla kisu hakijagusa ngozi. Mwongozo huu unamhusu mtu wa Mwanza au wa kandokando ya ziwa anayetaka kuagiza buti kwa fundi anayejitegemea.

Anza kwa kumweleza fundi kazi ambayo buti zitafanya, wala usitangulize picha ya kwenye simu. Mtu anayeishi kwenye vilima vya mawe vya Mabatini au Bugando hushuka mteremko kila asubuhi, na kwa kuwa mguu unaposhuka husukumwa mbele, anahitaji nafasi mbele ya vidole pamoja na kamba zinazokaza vizuri ili kisigino kisihame. Dereva wa bodaboda anayenyanyua gia kwa ncha ya mguu wa kushoto aombe kipande cha ngozi cha ziada kishonwe hapo tangu mwanzo, maana buti hiyo italika mapema kuliko mwenzake. Anayeshinda kwenye maji ya samaki pale Mwaloni, Kirumba, nitamshauri anunue gambuti, kwa sababu hakuna ngozi inayovumilia kuloweshwa kutwa, kila siku.

Kisha uliza kuhusu foroma, yaani lile umbo la mguu, la mti au la plastiki, ambalo ngozi huvutwa na kukazwa juu yake. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa kuwa sura na raha ya buti hutoka kwenye foroma kuliko mahali pengine popote. Mafundi wengi wana foroma za namba za kawaida. Katika mfumo wa namba za Ulaya, kila namba huongeza theluthi mbili za sentimita, hivyo foroma ya namba 42 ina urefu wa takribani sentimita 28. Lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu upana wa mguu wala unene wake. Mwenye mguu mpana akikutana na fundi asiye makini hupewa namba kubwa zaidi, naye huishia na buti ndefu inayojikunja mahali ambapo mguu wake haukunji. Fundi makini hubandika vipande vya ngozi juu ya foroma, pale hasa mguu wako ulipozidi, ndipo avute ngozi. Muulize kama hufanya hivyo, na kwa jibu lake utamjua.

Pimwa jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, ukiwa umevaa soksi utakazozivalia buti hizo na ukiwa umesimama ili uzito uutandaze unyayo. Miguu yote miwili ipimwe, maana aghalabu mmoja huwa mkubwa kidogo. Fundi achore mzingo wa unyayo kwenye karatasi akiwa ameshika kalamu wima, halafu azungushe futi ya kamba kwenye sehemu pana nyuma ya vidole, juu ya mguu zinapofungwa kamba, kutoka kisigino kupita mbele ya kifundo, na mwisho kwenye kimo ambacho buti itafika. Mwonyeshe pia sugu na mfupa wowote uliotokeza. Akipima urefu peke yake na kufunga daftari, mwombe kwa heshima aendelee.

Usukuma ni nchi ya ng'ombe, lakini ngozi nyingi hubeba makovu ya kupe, miiba na chapa za moto, kwa hiyo itazame nje, kwenye mwanga wa mchana. Ukingo uliokatwa wa ngozi halisi huonyesha nyuzi zilizosokotana, ilhali wa bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki. Ikunje: mikunjo ikiwa midogo na ya karibu karibu, ngozi ni nzuri, tabaka la juu likiinuka na kuacha uwazi chini yake, huenda imekatwa tumboni mwa mnyama, ambako ngozi hulegea. Ya mgongoni ni imara zaidi. Kovu dogo halidhuru likiwa kwenye shingo ya buti, ila lisiwe pale vidole vinapokunjia.

Soli ya gundi pekee ni nafuu. Iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo wa buti hugharimu zaidi, lakini hubadilishwa bila kuharibu ngozi ya juu, nami naona inastahili gharama hiyo. Kwa mawe yanayoteleza wakati wa masika, chagua mpira wenye meno.

Mliyokubaliana yaandikwe: rangi, kimo, aina ya soli, bei na tarehe. Toa kianzio kinachotosha kununua ngozi, ubaki na kiasi cha maana hadi utakapozijaribu. Epuka kuagiza Desemba, mafundi wanapoelemewa na kazi za sikukuu na viatu vya shule.

Siku ya kujaribu, omba iwe kabla soli ya mwisho haijashonwa. Tembea, panda ngazi, shuka. Kisigino kuinuka kidogo katika buti mpya ni kawaida, lakini kidole kikigusa mbele wakati wa kushuka, sema papo hapo. Pande mbili za kamba ziachane kwa upana wa kidole, kwa sababu ngozi italegea na utahitaji nafasi ya kukaza. Ukiridhika, mwombe fundi ahifadhi vipimo vyako pamoja na mchoro wa vipande alivyoongeza kwenye foroma, ili jozi ya pili isianzie mwanzo.