Kukinga chai na sakitu, wewe ukiwa Dar na shamba likiwa Mufindi

Kipupwe kikishaingia hapa Dar, wenye chai Mufindi na Njombe tukae na simu karibu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya sakitu kule, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Chipukizi likishaganda hunyauka na kuwa jeusi, na mchumo huo umekwenda. Kazi ya kuzuia hufanyika mchana uliotangulia, kwa hiyo maagizo yatoke kwako kabla ya magharibi.

1. Utambue usiku wa hatari: anga halina wingu, upepo umetulia, hewa kavu. Kipimajoto kining'inizwe usawa wa kichwa cha mchai, si ukutani. Kilichowekwa usawa wa kifua cha mtu kinaweza kusoma nyuzi 3 huku jani limeshafika 0.

2. Anza na bondeni. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama penye kizuizi. Ua mnene upande wa chini wa shamba unaifungia ndani. Punguza matawi ya chini, ipate pa kutokea. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana unahitaji panga tu na linasaidia msimu mzima.

3. Fyeka magugu, mwagilia siku moja kabla. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Matandazo mazito hulizuia, yasogeze kando kwa siku hizo, kisha yarudishe, kiangazi bado kirefu.

4. Miche ifunikwe jioni kwa nyasi juu ya fito, bila kugusa majani. Asubuhi ifunuliwe.

5. Mwenye mitambo ya kunyunyizia aanze kabla ya nyuzi 0. Maji yanapoganda hutoa joto, lakini lazima yaendelee mpaka barafu iyeyuke. Yakikatika katikati, hasara huzidi. Kama huna uhakika na pampu au dizeli, usianze kabisa.

Maswali ya wanachama

Kaka wa Mbagala: Tukichoma matairi, moshi hausaidii?
Hapana, kaka. Moshi hauzuii joto kutoroka ardhini kama wingu linavyofanya. Halafu masizi yanatua kwenye majani ambayo watu watakunywa.

Dada wa Tabata: Zile feni za Wajapani je?
Kwao sakitu ya hatari huja majira ya kuchipua, mchumo wa kwanza, ule wa bei nzuri, ukiwa unaanza kuchomoza. Feni hukaa juu ya nguzo ndefu na kushusha hewa ya juu, ambayo usiku wa namna hiyo ina joto zaidi. Zinataka umeme wa uhakika. Kwa ekari mbili, dada, fedha hiyo ningeiweka kwenye maji.

Mama wa Kimara: Shikamoo mwalimu. Langu limeshaungua. Nipogoe?
Marahaba, mama. Bado. Ukipogoa sasa, machipukizi mapya yataungua tena. Subiri baridi ipite, uone tawi limekufa mpaka wapi, ndipo ukate chini kidogo ya hapo. Na msimamizi asichanganye majani yaliyoungua na mazima, kiwandani yatashusha daraja la mzigo wote.