Jinsi ya kukagua upanga wa afisa wa Prusia kabla hujautolea pesa

Panga za sherehe za Kijerumani zimejaa minadani, na za kughushi zimo humohumo. Mwongozo huu unashughulikia aina moja: upanga wa afisa wa askari wa miguu wa Prusia, ufalme mkubwa kuliko yote katika Ujerumani ya zamani, mfano wa 1889, ambao wakusanyaji huuita IOD 89 (kifupi cha Infanterie-Offizier-Degen, jina lake la Kijerumani). Ukiuzoea huu, nyingine utazikagua kwa utaratibu uleule: anza na sehemu ambazo mghushi hakutegemea utazitazama, kisha uone kama zinakubaliana.

Uwe na lenzi inayokuza mara 10, sumaku ndogo, tochi na kitambaa cha pamba. Bapa usilishike kwa vidole vitupu, maana jasho linazaa kutu.

Hatua ya 1: Mpini na kinga ya mkono

Kinga ya IOD 89 ni ya shaba njano iliyochovywa dhahabu, imetobolewa kwa nakshi, na ndani yake yumo tai wa Prusia aliyetanua mbawa. Gusisha sumaku, shaba halisi haitainata. Hilo pekee halitoshi, kwani hata zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu haivutwi.

Sasa mtazame tai kwa lenzi, bila haraka. Baada ya kumimina shaba, fundi wa Solingen, mji wa Ujerumani wa watengeneza panga, alirudi na patasi ndogo akachora manyoya, kwa hiyo mistari ni mikali na haifanani kabisa. Nakala iliyomiminwa kutoka kwenye upanga halisi ina manyoya yaliyofifia na vitundu vidogo vya hewa. Tena huwa ndogo kidogo, kwa sababu metali hunywea inapopoa. Ukiwa na kipimo cha upanga unaouamini, tofauti utaiona.

Kisha fungua na ufunge upande wa kinga unaokaa mwilini mwa mvaaji, ule unaokunjika kwa bawaba. Ndani ya bawaba ndimo umri unamojificha: uchafu mkavu, metali iliyolika kwa kusuguana, dhahabu iliyobaki pale mkono usipofika. Mghushi hupaka weusi sawasawa kila mahali. Matumizi ya kweli hula dhahabu kwenye kingo za nje na kuiacha mashimoni.

Kwenye mpini tafuta herufi za Kaizari Wilhelm II, W, R na II, chini ya taji. Alitawala 1888 hadi 1918, basi upanga wenye herufi hizo ukiambiwa ni wa vita vya 1870 dhidi ya Ufaransa, rudisha mkono wako mfukoni.

Hatua ya 2: Kichwa cha mpini

Mkia wa bapa hupita ndani ya mpini na kutokeza juu, ambako uligongwa kwa nyundo hadi ukatanda. Ukikuta nati au skrubu, kuna jambo: ama ni nakala ya kisasa, ama upanga ulifunguliwa na bapa likabadilishwa. Alama mpya za nyundo, au metali inayong'aa hapo peke yake, nazo zinatia shaka.

Hatua ya 3: Chapa ya mtengenezaji

Wengi huanzia hapa, na hapa ndipo wanapoliwa. Kugonga chapa ni kazi rahisi kuliko zote. Itumie kama ushahidi wa tarehe, na uipime dhidi ya mengine.

Weyersberg, Kirschbaum & Cie iliungana 1883; chapa yake ni kichwa cha mfalme na kichwa cha shujaa mwenye kofia ya chuma. Kampuni hiyo imeendelea kutengeneza panga za sherehe hadi karne hii, kwa hiyo chapa inaweza kuwa ya kweli kabisa na upanga ukawa wa juzi. Carl Eickhorn, mtengenezaji mwingine wa Solingen, anajulikana kwa chapa ya kindi, na mchoro wa kindi huyo ulibadilika mara kadhaa. Linganisha umbo lake na miaka unayotajiwa.

Soma pia vifupisho. D.R.G.M. (Deutsches Reichsgebrauchsmuster) ni usajili wa Kijerumani wa kulinda ubunifu mdogo wa bidhaa, ulioanza 1891, hivyo upanga wenye herufi hizo hauwezi kutangulia mwaka huo. Maneno ya Kiingereza "Made in Germany" kwenye upanga wa afisa aliyenunua dukani Berlin hayana maelezo mazuri.

Hatua ya 4: Nakshi za bapa

Nakshi za enzi hizo zilichorwa kwa asidi. Ukimulika tochi kwa pembeni, sakafu ya mchoro ina chembechembe za kijivu, na sehemu zilizoinuka zinang'aa. Nakshi ya leza inaonyesha mistari midogo sambamba iliyonyooka kupita kiasi. "Eisenhauer" ni dhamana kwamba bapa linakata chuma. "In Treue fest" ni kaulimbiu ya Bavaria, ufalme mwingine wa Kijerumani. Ikikaa na tai wa Prusia na herufi za Wilhelm, kuna panga mbili zilizounganishwa.

Bapa la buluu na dhahabu lichunguze zaidi. Buluu ya moto hukwaruzika kule linakosugua ala, na mikwaruzo hufuata urefu wa bapa. Buluu iliyorudishwa kwa kemikali hupanda juu ya mikwaruzo ya zamani na hata ndani ya vishimo vya kutu.

Hatua ya 5: Ala na fundo

Bapa liingie hadi mwisho bila kulazimishwa. Fundo la nyuzi za fedha linalofungwa mpinini usilihesabie chochote, kwani huongezwa kirahisi.

Hatua ya 6: Maneno ya muuzaji

Sisi wa Afrika Mashariki tunauziwa sana hadithi ya "upanga wa Schutztruppe", yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani. Maafisa wa Kijerumani walinunua panga zao wenyewe, na sura ya IOD 89 peke yake haithibitishi kwamba mwenyewe alitumwa Dar es Salaam. Bila jina kwenye bapa linalothibitishwa na hati, lipia upanga, hadithi usiilipie. Jina lenyewe nalo lipitishe Hatua ya 4: kama sakafu ya herufi inang'aa tofauti na nakshi zinazolizunguka, liliongezwa baadaye.

Ukinunua kwa mbali, omba picha tatu kabla ya kutaja bei: bawaba ikiwa wazi, kichwa cha mpini kutoka juu, na chapa ikimulikwa kwa pembeni. Muuzaji akikataa kuzipiga, achana naye.